Umeme Uliozimwa

Vingunguti, Dar es Salaam
6 Julai 2025

Kaka Mbwana,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia kuandika. Nilikuwa edani, na hata nilipotoka, kila nikishika kalamu Khulud analia, naiweka. Kwenye simu siwezi. Nikisikia sauti yako tu nakata. Vipi hali yako? Joto la huko ughaibuni limepungua? Sie tu wazima, wa mwili.

Shida ni hii. Barua ya kampuni aliyoileta Muhannad, mwenzenu wa kazini, inasema mume wangu Farhan alikufa kwa umeme baada ya mtambo kuzimwa. Mama mkwe, Bi Mwanakombo, alisomewa mbele ya watu. Tangu siku hiyo wimbo ni mmoja: "Umeme umezimwa, umemuuaje mwanangu? Tangu lini taa iliyozimwa ikaunguza?" Mara nimemroga. Mara Farhan hajafa, ana mke huko. Mlimzika huko huko, hapa hakuna aliyemwona. Sasa wanataka Khulud akalelewe kwao Kunduchi, asikae na mie.

Ana miaka mitatu, kaka. Bado analala kanishika sikio.

Wewe ndiye uliyemtafutia Farhan ile kazi, na tangu wakupandishe cheo ukakaa chumba cha kompyuta unaiona mitambo yote. Nieleze kwa maneno ya kwetu nikawaeleze.

Mdogo wako,
Chausiku


2 Agosti 2025

Mdogo wangu Chausiku,

Marahaba. Mie mzima, ila usingizi sina. Nibusie Khulud.

Umeme wa kwenda mbali sana tunaubadili kwanza uwe kama wa betri, usipotee njiani. Kazi hiyo inafanywa na masanduku ya chuma, mamia, yamepangwa juu kwa juu kama kreti za soda. Kila moja linajaza umeme kidogo tumboni na kuutoa kwa zamu, ngazi kwa ngazi. Kituo chetu kimechanganya aina mbili: la kawaida, na la ghali zaidi linaloweza kuuzuia umeme pale laini inapopiga shoti. Wageni wanaletwa kuja kuyatazama.

Ukizima, masanduku hayajafa. Kila moja limebaki na umeme wake. Unasubiri uishe, ndipo fundi anaingia kupachika waya wa kuushusha ardhini. Siku ile skrini ilionyesha yote matupu. Kumbe programu mpya ilikuwa inasoma aina moja tu. Aina ya pili ilikuwa imejaa. Farhan akaambiwa aingie. Hakuteseka. Nilimwosha kwa mikono yangu.

Wasipoamini, tafuta fundi mwenye TV ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa. Atawaonyesha umeme unavyobaki ndani hata ikizimwa.

Kaka yako,
Mbwana


Vingunguti
24 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo. Umepata usingizi? Mie wangu umeisha.

Nilifanya ulivyosema. Fundi Nikodemu wa hapa mtaani alikuja na TV kuukuu, akaiwasha, akaizima, akachomoa waya mbele ya mama mkwe. Akaingiza bisibisi nyuma. Paa! Cheche. Bi Mwanakombo karuka, khanga huku, ndara kule: "We fundi, wataka na mie nimfuate?" Watu wakacheka. Khulud akacheka. Nikasema alhamdulillah, yameisha.

Bibi akajifunga khanga taratibu. "Basi nimeelewa. Kama fundi wa uchochoroni anajua, mwanangu hakujua? Alijipeleka mwenyewe. Ulimwambia nini kwenye simu asubuhi ile?"

Nikamwambia aliambiwa aingie. Akasema, "Nitajie aliyemwambia. Siku hiyo mtoto utampata."

Wamemchukua, kaka. Na godoro lake.

Nani alimwambia?

Mdogo wako,
Chausiku


Vingunguti
30 Novemba 2025

Kaka Mbwana,

Shikamoo. Hujanijibu, simu hupokei. Muhannad kasema u mzima, unaswali, unakula kidogo. Kasema umejitoa mwenyewe chumba cha kompyuta, siku hizi uko stoo unahesabu misumari.

Nilikaa na hilo neno la stoo wiki nzima.

Juzi nilikwenda Kunduchi. Khulud kaninyooshea mkono kama mgeni, kaniamkia vizuri, karudi kwa bibi yake. Sikio hakushika.

Sikuandikii ili nikuchukie. Kwa mama tumebaki sie wawili, na najua uliisoma skrini ulivyoikuta. Lakini mtoto wangu simwachi kwa ajili ya kukusitiri. Ninavyohitaji unitumie ni hivi: kofia aliyokuwa akiswalia Farhan. Picha ya kaburi, jina lisomeke. Picha ya masanduku, aina zote mbili. Karatasi yenye mwandiko wako, kwamba Farhan hakujipeleka. Na jina la aliyemwambia aingie, hata kama ni lile alilokupa mama.

Mdogo wako,
Chausiku