Vibao Vyetu Vimepelekwa Kambini

Jumapili, Kilembe. Mvua imekatika mchana, mto Nyamwamba bado unanguruma. Nina hasira, lakini mkono umetulia, kwa hiyo naandika kabla sijaanza kutia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa tenisi wa klabu hapa mgodini. Jumamosi huteremka Bwera kufundisha watoto bure, nyuma ya soko. Uwanja ule tuliutengeneza wawili, mimi na Thembo, kwa udongo wa kichuguu, tukaushindilia kwa pipa lililojaa maji. Thembo ni mwanafunzi wangu wa kwanza na sasa ni msaidizi wangu. Raketi yake ya kwanza ilikuwa yangu.

Tangu Wazungu wengi waondoke, mipira haipatikani, ila michache ya klabu. Seremala akatuchongea vibao vya umbo la raketi. Watoto hukimbia mlimani na kurudi, kisha hujipanga safu na kupiga hewa kwa amri yangu: "Moja, geuka! Mbili, piga!" Ukiwatazama kutoka barabarani, unaona safu za vijana wenye mbao mikononi na mtu mmoja anayetoa amri.

Sikuwahi kuliona hilo. Thembo aliliona.

Jana watoto walikuwa bado mlimani gari la jeshi lilipofika. Halikuja uwanjani. Lilikwenda moja kwa moja kwenye stoo ya kanisa tunapoweka vibao, bila kumuuliza mtu njia. Ndipo likaja kwetu, watoto wakiwa wameshateremka, gunia la vibao likiwa nyuma.

"Nani mkubwa hapa?"

"Mimi, afande. Huu ni mchezo wa tenisi."

"Tenisi gani hakuna mpira? Wewe nafundisha hawa vita!"

Masika, mama aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza mafuta ya mawese sokoni, alidakia kutoka pembeni: "Afande, mutoto yangu iko anapiga hewa tu. Hata inzi hajaua!"

Watu wakacheka. Askari mmoja naye akacheka. Afande hakucheka. Akamgeukia Thembo.

"Na wewe?"

"Mimi nilipita kutazama tu, afande."

Nilimsubiri amalize sentensi. Kumbe alikuwa amemaliza.

Afande akaniambia akimwona mtoto na mbao tena, nitalala ndani. Wakaondoka na gunia letu. Thembo naye akaondoka, kwa miguu, bila kuaga.

Nilikwenda stoo. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi, zima, halina hata mkwaruzo. Funguo zake ni mbili. Mmoja ulikuwa mfukoni mwangu.

Masika alinikuta pale mlangoni. "Mwalimu, Jumamosi nilete mutoto ao nimuache?"

Nikafunga lile kufuli, nikaenda kutafuta gari.

Njia nzima ya kurudi, juu ya lori la pamba, nilimtafutia Thembo sababu. Labda walimtisha. Labda walimnyang'anya ule ufunguo wa pili. Mtu niliyemfundisha kushika raketi nilitaka nimpe nafasi.

Leo asubuhi nilikwenda klabu. Meneja hakuniangalia usoni. Alisema kuanzia leo mwalimu ni Thembo, kwa kuwa watu wa kambi ya jeshi wamemwomba yeye, na mimi najua hali ilivyo. Najua.

Uwanjani pale klabu Thembo alikuwa amevaa kaptura nyeupe, anamfundisha afande yule yule wa jana. Afande alikuwa na buti. Uwanja wa klabu nao ni wa udongo wa kichuguu, na hakuna anayeukanyaga na buti. Thembo mwenyewe amewahi kumfukuza daktari kwa kuvaa viatu vyenye kisigino tu. Leo alitazama zile alama zikichimbika, akaendelea kumshikisha afande raketi.

Kisha nikamsikia.

"Moja, geuka, afande. Mbili, piga."

Jana hiyo ilikuwa vita. Leo ni tenisi.

Aliniona pale kwenye wavu wa nje. Akaendelea kuhesabu.

Kazi naweza kuisahau. Wachezaji wa klabu watapata mtu wa kuwarushia mipira, na mimi nitapata kibarua kingine. Lakini watoto wale walimwita Thembo mwalimu, naye akawauza akiwa amesimama katikati yao.

Masika, mlete mtoto. Afande amekataza mbao, hajakataza viganja. Jumamosi watapiga hewa kwa mkono mtupu, na mimi nitahesabu kwa sauti ile ile, mpaka barabarani wasikie.

Na kufuli nitabadilisha, ingawa stoo ni tupu.