Binti Yangu Havui Mkanda wa Uzi

Mpendwa mshauri, kwanza shikamoo, na kama mkubwa ni mimi basi nimekuamkia bure na hainiumi, naomba msaada wako kwa sababu mkono unaandika lakini moyo uko kwingine, chakula hakipiti, na mteja wa leo asubuhi nimemwachia mstari umepinda, kitu ambacho tangu nianze kazi hii hakijatokea.

Mimi ni msusi. Sijisifu, wanaonijua watakuambia, saluni yangu iko pembeni ya mashine ya kusaga na watu wanazipita saluni za vioo wanakuja kukaa kwenye mkeka wangu, kwa sababu msuko wangu haufumuki, ukisukwa na mimi unasahau kitana. Shule sikufika mbali lakini Mungu alinipa vidole, tena akanipa binti, na huyo binti ndiye ninayekuandikia habari zake. Ana miaka kumi na mitatu, darasani wenzake wanamfuata nyuma, adabu usiseme. Kichwa chake ndicho bango langu. Kila Jumapili mimi nakaa kwenye kiti, yeye chini kwenye mkeka katikati ya magoti yangu, namsuka mtindo mpya, nakaza vizuri ukae wiki nzima, na Jumatatu akipita tu barabarani mama za watu wanamuuliza nani kakusuka mwanangu, naye anawaelekeza kwangu.

Sasa mshauri, kwenye kazi yetu nyuzi za kusukia zinabaki vipande vipande, nyekundu kidogo, bluu kidogo, mimi nafagia natupa. Siku moja akaniambia, "Mama, zilizobaki usitupe." Nikadhani mchezo wa watoto. Kumbe kaomba spoku mbili kwa fundi baiskeli, kazinoa kwenye sakafu, na bibi wa nyumba ya nyuma kamwonyesha kutunga vitanzi, mimi nashtuka kafuma mkanda wa kichwa, mpana, una mistari, katikati kaubana kwa uzi ukakaa kama kipepeo. Machozi yalinilenga. Niliuonyesha kwa kila mteja, nikamwambia mke wa fundi viatu huyu wangu hata takataka anaigeuza dhahabu, akacheka akasema nikianza kumsifu huyo mtoto watu hawarudi makwao, lakini wa kwake aliagiza. Mingine nimeitundika kwenye kioo.

Shida ni kwamba binti yangu mwenyewe wa kwake havui. Anakula nao, analala nao, joto likizidi jasho linamchuruzika na bado kaushusha hadi nusu ya paji la uso. Nikimwambia vua mama nikuone, anasema nywele zitaingia vumbi. Na siku hizi hataki kusukwa, mara kichwa kinamuuma, mara ana masomo, na hata kabla hajaanza kufuma aliwahi kuniambia, "Mama, ukinisuka basi usikaze." Nikamjibu kama nilivyojibiwa na mama yangu, uzuri una maumivu yake, vumilia.

Juzi nilirudi nyumbani kuchukua kitana nilichokisahau, nikamkuta uani ameinamia beseni anaosha kichwa, mkanda kauanika kambani. Mshauri, hapa kwenye panja, pande zote mbili, hakuna kitu. Ngozi tupu inang'aa, na vipele vidogo vidogo vimefuata mpaka wa nywele. Nilirudi kinyumenyume hadi mlangoni kama mwizi, na kitana chenyewe nikakiacha.

Tangu hapo sina raha. Nawaza ni ugonjwa, nawaza ni mafuta mabaya, nawaza kuna mtu kamwonea kijicho maana sifa zake zimezidi. Na Jumamosi hii shuleni kwao ataonyesha mbele ya wazazi jinsi ya kufuma mkanda ule, na mimi kwa mdomo wangu huu nimeshawatangazia wateja kwamba siku hiyo atakuja na msuko ambao macho yao hayajauona. Wakimwambia avue je? Msusi, mwanawe ana kipara, nani ataniletea kichwa tena? Nimwambie nimeona, au ninyamaze nimtafutie mafuta ya kupaka? Naogopa nikimuuliza atajifunika zaidi.

Msusi wa karibu na mashine ya kusaga.

JIBU

Mama msusi, marahaba, mkubwa ni mimi, kwa hiyo vumilia nitakayosema.

Mwanao nimempenda kabla sijamwona, na hofu yako naielewa. Lakini umemtafuta mchawi nyumba nzima na umemruka aliyekaa kwenye kiti cha kusukia. "Nakaza vizuri" umeandika wewe, sikukuwekea mimi. Mteja akikujia na vipele kwenye mpaka wa nywele unamwambia nini? Unamwambia apumzishe kichwa. Kwa nini kwa mwanao ukakimbilia kijicho?

Mtoto alikuomba usikaze, ukampa methali. Akaacha kuomba, akafuma. Mkanda huo unaoutembeza kwa wateja hakuufuma kwa urembo, na wala hajifichi kwa sababu ya utundu. Anajua kichwa chake ni bango lako, anaogopa bango likichakaa biashara itakufa. Mama, huyo mtoto anakulinda wewe.

Basi mwambie umeona, na umwambie leo, Jumamosi ni mbali. Usianze na "mbona umenificha." Anza na "ni mkono wangu." Mafuta ya kubahatisha weka kando, mpeleke kwa daktari wa ngozi, kwa maana nywele zilizovutwa zikiwahiwa mara nyingi hurudi, zikicheleweshwa zinaweza kugoma kabisa. Asisukwe mpaka daktari aseme. Na huo mkanda wenyewe, uzi ukilowa jasho nao unakwaruza, kwa hiyo afume mwingine uliolegea, ndani ashonee kitambaa laini cha pamba, na nyumbani kichwa kipate hewa.

Jumamosi aende kama anataka mwenyewe. Msuko uliowaahidi watu ulikuwa wa kichwa chake, haukuwa wako kuahidi, kwa hiyo kautangue. Wakimwambia avue, wewe uwe pale uwajibu kwamba leo wamekuja kuuona mkanda. Na hao wanaokuletea watoto wao, legeza mkono, uwaambie na sababu. Wengine watahama. Waache wahame na nywele zao.

Limebaki moja. Leo akitoka shule, kiti chako mpe yeye akalie. Wewe shuka kwenye mkeka, kaa katikati ya magoti yake, mwambie akuvishe mkanda. Ukihisi unabana, sema unabana. Utaona atakavyoulegeza hapo hapo, bila kukutolea methali.