Kona ya Mama Haijaguswa

Mollo,
Sumbawanga.
10 Machi 2024.

Mpendwa mdogo wangu Avelina,

Hujambo? Shemeji Tadei na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila Rosina wangu ana mafua, na mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Mama mfikishie shikamoo yangu, umwambie kuku wake wanataga bado.

Nimeona niandike kwa sababu nikipiga simu mama anakuwa amekaa ubavuni kwako, na kila ninachosema anakidakia. Barua anayo Urbano, mtoto wa mjomba, pamoja na unga wa ulezi. Siku za dripu mpikie mama uji mwepesi.

Nimesikia mama amefunga mizigo, anataka kurudi huku kijijini. Kosa ni la kaka yetu Eustaki. Alipiga kumjulia hali, akamalizia kwa kumwambia majani ya shamba lake yamefika kiunoni na hakuna aliyeanza kuyafukia. Nani humpa Mfipa mgonjwa habari hiyo mwezi wa tatu? Mama anajua ntumba, yale matuta ya kufukia majani yaoze, zisipopigwa sasa, ulezi wa msimu ujao hakuna. Tena kwa kuwa damu imekoma kutoka, anajiona amepona.

Hajapona. Nilikuwepo daktari alipotueleza habari za hiyo kansa ya shingo ya kizazi, nami nakukumbusha ili usimwonee haya. Mionzi anapigwa kila siku ya kazi. Dripu ya kila wiki inaudhoofisha ugonjwa ili mionzi iushinde, na vyote viwili vinakwenda pamoja. Akikatisha katikati, ugonjwa unapata nafasi ya kujikusanya upya. Mwishoni kuna mionzi ya ndani, nayo asiikimbie. Dripu ikiahirishwa, aiahirishe daktari baada ya kupima damu, si mama kwa kuchoka kutapika. Na maji anywe, hata akinuna.

Akibisha, muulize kama amewahi kuona mtu anafukia majani nusu shamba, kisha mwakani anakwenda kuvuna shamba zima.

Ama shamba lenyewe, Jumamosi tuliita majirani. Pombe alipika Kristiana, yule jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, na watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Eustaki nilimpa upande wa mteremko, wenye mizizi. Alilima mpaka jioni. Sasa ntumba zimejipanga hadi chini kijitoni.

Naogopa, Avelina. Kwenye simu silisemi hilo. Juzi nilikwenda kufagia nyumba ya mama, nikakuta mafiga yamepoa, nikatoka bila kufagia.

Wasalimie watoto, na majirani zako wanaokupokea zamu ya kumpeleka mama hospitali. Eustaki anakusalimu pia, kwa aibu. Mungu awatie nguvu wewe na mama, na amrudishe kwetu akitembea kwa miguu yake.

Kuna neno moja mfikishie mama. Ile kona ya juu, ya mavuno yake mazuri, hatujaigusa. Watu walitaka kuimaliza, nikawakatalia. Majani yamesimama vilevile, na jembe lake nimelinoa. Akimaliza mionzi yote na dripu zote aje apige hata tuta moja, mengine tutamsaidia. Akija kabla, nitampandisha basi lilelile lililomleta.

Dada yako akupendaye daima,

Bertilla