Chupa ya Mwalimu Shabani

Kalemie

Shikamoo Shangazi,

Vita vipo, ila migebuka inayovuliwa hapa ni mitamu kuliko ya kwenu Kigoma. Samahani.

Jana nilifuatana na Shabani, mwalimu wa biolojia, kwenda shuleni kwake. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja akachomoa mkobani mwake chupa ya lutuku, gongo ya huku.

"Papa, hii kofia ya musikiti na hii chupa haisikilizane. Acha chupa."

"Ni ya masomo, shefu. Spiriti ya shule iliisha. Unipatie ile ndizi yako, nikuonyeshe."

Akatoa vifaa vyake vya somo mkobani, akaiponda ndizi katika maji ya sabuni na chumvi, akaichuja kwa leso ndani ya glasi, kisha akamimina lutuku juu taratibu. Askari wote wakaiacha kamba ya kizuizi, wakainama. Nyuzi nyeupe zikaelea kama kamasi.

Shabani akasema hiyo ni DNA. "Iko ndani ya kila seli. Ni yenyewe njo inaamuru ndizi ikuwe ndizi."

"Kila seli iko na amri yake?"

"Kila moja."

"Siye tangu juma lililopita hatuna hata moja." Akamrudishia chupa. "Enda ufundishe batoto."

Somo lilifanyika. Kutoka kizuizini hadi shuleni chupa niliibeba mimi, maana Shabani alimwogopa mama mkwe wake, anayeuza vitenge kwenye soko tulilopitia. Kwa hiyo abiria wa meli akikuambia alinikuta Kalemie na gongo mkononi mchana kweupe, mwamini.

Nikiwa mzima bado, nakuombea uzima, Shangazi.

Juma wako