Neno la Mandazi

Maretadu, Jumanne. Ukungu umekaa tangu asubuhi na mgongo unaniuma. Tumepura maharage siku tatu mfululizo. Nimechoka, lakini hili lazima niliandike.

Tangu kidato cha kwanza natunga lugha ya Waelfi, wale watu warefu wa msituni wa kwenye hadithi. Hakuna anayejua. Naanza na mzizi, halafu naotesha maneno. Mzizi *vel* ni joto. Hapo nikapata *velia*, jua, *avel*, jiko, *velune*, blanketi. Miaka minne, daftari moja.

Jana mchana nilipotoka shambani sikulikuta. Mama alikuwa amempa Mama Pasko madaftari yangu yote. Mama Pasko anauza mandazi pale mabasi ya Haydom yanaposimama. Huku kwetu ndivyo ilivyo: mtoto akimaliza shule, madaftari yake yanakwenda kufungia vitu. "Si umemaliza?" Mama aliniuliza, bila ubaya wowote.

Hata kumwambia nilishindwa. Nilirudi kwenye maharage.

Leo nimeomba ruhusa nikaenda, nikitembea polepole kama mtu asiyetaka kufika. Nilimpa Mama Pasko shikamoo, nikamwambia nimefuata daftari moja. Daftari langu lilikuwa juu ya ndoo, kurasa za mbele zimeshachanwa. Akacheka, akanisimulia kwamba mzee mmoja alifungiwa mandazi kwenye karatasi ya daftari hilo, akaisoma mara mbili, akauliza hiyo dawa inanywewa kutwa mara ngapi.

Akataka kujua ni maandishi gani. Nikasema ni notsi za baiolojia.

Miaka minne, nikaikana mbele ya karai la mafuta.

"Basi kama ni notsi niachie, binti. Karatasi yake nzito, hailowi haraka." Mkono wake ukashika ukurasa mwingine.

Sijui sauti ilitoka wapi. "Hapana, mama. Ni lugha. Nimeitunga mwenyewe."

Mkono ukasimama. Abiria wawili wakageuka kunitazama.

"Haya," Mama Pasko akasema. "Mandazi mnayaitaje?"

Sikuwa na neno. Nikarudi kwenye *vel*, nikaongeza mkia. "Velimo."

Akalijaribu, akalikosea, akalijaribu tena. Kisha akamgeukia mteja, uso mkavu kabisa: "Velimo ngapi, baba?"

Amenirudishia daftari. Badala yake amebaki na la baiolojia, la kweli.

Kurasa zilizochanwa ndizo zilizokuwa na mizizi. Nimeanza kuitafuta kupitia maneno yaliyobaki: nikiona *avel* na *velune* pamoja, najua yametoka wapi. Mingine siikumbuki, na leo sina nguvu hata ya kulia. Kuna mtu alishuka hospitali ya Haydom kumwona mgonjwa wake na mizizi yangu mkononi, akajifutia mafuta.

Mama amepita sasa hivi. Ameona daftari, amenusa harufu ya mandazi, hajauliza.

Kesho tunapeta, mimi na yeye, ungo kwa ungo. Nitamwambia kabla hajauliza. Sijui tu nianze na neno lipi.