Precious Hali Nyumbani

Jumatano, 4 Machi 2026

Duara letu, shimo letu la dhahabu, bado limejaa maji ya mvua, uchimbaji hakuna. Mke wangu Jenipha yuko sokoni na nyanya zake. Kwa hiyo leo mimi ndiye niliyempeleka mwanetu Precious kwenye kikundi cha wazazi na watoto hapa Turwa. Mwanaume peke yangu! Wamama wakacheka, mmoja akaniuliza kama nitanyonyesha pia. Nikamjibu labda nikishiba.

Bernadetha, mhudumu wa afya, akampima mkono kwa ule utepe wa rangi wa kupima lishe. Njano. Si nyekundu, lakini kijani pia siyo. Miaka miwili sasa na bado mwepesi hivi.

Halafu ajabu. Watoto wakacheza mpira wa matambara, wakatambaa ndani ya maboksi, kisha wakapewa ugali, mchicha na dagaa. Precious akala. Akamaliza! Nyumbani kijiko kimoja ni vita. Kwa nini?

Alhamisi, 5 Machi

Mama mkwe amepiga simu kutoka kijijini Susuni. Kamwambia Jenipha kwamba mtoto anakondeana mjini, atakuja kumchukua akamlee yeye. Jenipha hakubisha. Mimi nimeumia sana. Na siwezi hata kumjibu mwenyewe — huku kwa Wakurya mwanaume na mama mkwe wake wanakwepana, hawapeani mkono, hawali pamoja. Kwetu Bariadi heshima ipo, lakini hapa ni ukuta! Precious akienda Susuni nitakuwa namtembelea kama mgeni. Sitaki.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeshachunguza mawe mengi maishani. Leo nimemchunguza mtoto. Nimekaa kwenye kigoda, naangalia tu.

Asubuhi uji. Na si uji wa mchezo: mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele, ngano — Jenipha kasaga vyote pamoja, anaamini kila kinachoongezwa ni afya. Akilia, uji. Akisinzia mgongoni, uji. Saa nane anawekewa ugali, anageuza kichwa. Hata mimi ningegeuza! Na chini hajakanyaga. Mgongoni, kitandani, katuni za kwenye simu. Jenipha anaogopa matope.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeficha chupa ya uji. Kosa! Kalia mpaka majirani wakaja kuchungulia. Jenipha kaniambia nirudi kwenye mashimo yangu. Tumenuniana.

Jumatano, 11 Machi

Nimemsimulia Bernadetha. Kacheka mpaka kafuta machozi. Anasema nisimnyang'anye mtoto uji, niupe saa yake tu. Unga nao usirundikwe kila nafaka ya sokoni. Awe na sahani yake. Na kabla ya kula, acheze mpaka atoke jasho.

Acheze nini?

“Wewe kwenu ulikuwa unacheza nini, Baba Precious?”

Ng'ombe, nikasema.

“Si basi! Unaniuliza nini tena?”

Alhamisi, 12 Machi

Sasa mimi ni ng'ombe. Deus, mwenzangu wa duarani, kapita akanikuta nimepiga magoti uani, Precious mgongoni. Kauliza napelekwa mnada gani. Nimelia “mooo”, kaondoka. Precious kala nusu sahani.

Jumatano, 18 Machi

Utepe bado njano. Nimevunjika moyo kidogo. Bernadetha anasema mkono haujai kwa wiki moja, tusikimbizane. Lakini jana Precious kachukua sahani mwenyewe, kaileta jikoni kwa miguu yake. Jenipha kaona. Uji wa mchana hakupika.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nikiwa jikoni. Sitoki.

Mama mkwe amefika! Hakutoa taarifa. Jenipha yuko sokoni, simu haipatikani. Nilikuwa kwenye matope, magoti na mikono, mtoto mgongoni, nalia kama dume la ng'ombe — geti likafunguka. Mama wa watu kajifunika uso kwa kanga, kageuka. Mimi nikakimbilia mlango wa karibu. Jikoni! Precious kanifuata.

Sasa yeye yuko pale getini, ametugeuzia mgongo, begi tupu begani, la nguo za mtoto. Dereva wa bodaboda anamsubiri, injini inanguruma. Kasema kwa sauti, hewani, mtoto aletwe. Nani amlete? Mimi hawezi kunisogelea, na nikiwa humu hawezi kuingia. Basi nimekaa. Ningefanya nini kingine? Nimepika. Ugali, dagaa wa karanga, mchicha.

Nimempakulia Precious. Na yeye — kabeba sahani yake, katoka! Huyoo mpaka kwa bibi yake. Nachungulia kwenye upenyo wa mlango: atamnyakua sasa hivi.

Hajamnyakua. Precious kaketi chini kwenye matope, anakula. Anakula kweli! Bibi anamtazama, anamtazama. Sasa mtoto kafinyanga tonge, kanyoosha mkono, kamtia bibi mdomoni. Chakula cha mkwe! Nimefumba macho.

Nimefumbua. Anatafuna.

“Mwambie aliyepika,” anamwambia Precious, lakini kwa sauti ya kunifikia mimi, “chumvi imepungua.”

Dereva kazima injini. Begi bado liko begani. Precious anarudi na sahani tupu, anataka tena. Nipakue sahani moja, au mbili?