Sahihisho la Kilomita ya 34

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka huu mdogo wangu atakimbia marathoni nyuma ya fundi wa majokofu, si nyuma yangu. Amesema mwenyewe, saa moja na dakika kumi asubuhi, akifunga kamba za viatu mlangoni kwake. Sababu? Fundi hana haraka. Nikamkumbusha kwamba nina miaka ishirini na sita ya kukimbizana na muda gazetini.

"Ndiyo ubaya wako, kaka."

Mbio ni tarehe 6 Aprili. Kilomita 42, na baada ya muda wa saa tano njia inafungwa. Anayebaki nyuma hupakiwa kwenye basi. Mwaka jana alipakiwa. Aliyemwongoza mwendo ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Kilomita 12, peke yangu. Mpango: dakika saba kila kilomita. Ya kwanza nimetumia tano na sekunde hamsini. Ya mwisho, nane na nusu. Wastani — saba kamili! Nikampelekea namba.

Jibu: "Wastani hauumwi miguu."

Jumapili, 9 Machi
Kikundi chao, kilomita 24. Sikualikwa. Barabara ni ya umma.

Fundi ni mfupi, ana kitambi, na anakimbia kama mtu anayesukuma jokofu kupandisha ngazi. Kila kilomita anasema neno moja: "Tupo." Kilomita ya kwanza, dakika saba na sekunde moja. Ya pili, saba kamili. Nilitafuta kosa, sikupata.

Niliwapita kilomita ya tatu. Walinipita ya kumi na tisa. Nilikuwa nimeshika nguzo ya taa.

"Pole, mwandishi," fundi akasema. "Mambo mazito yote umeweka juu, huku chini hamna kitu."

Kumbe anasoma magazeti. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha waandishi wapya: anza na yote uliyo nayo, mhariri atakata mkia.

Jumanne, 11 Machi
Kwa mama. Jirani kauliza habari za mbio. Mama, huku akipepeta mchele: huyu binti yangu hodari wa kuanza, kumaliza ndiyo kazi. Wa kuishia njiani. Mdogo wangu aliendelea kumenya vitunguu. Alimenya hadi vya kesho.

Mama aliyatoa wapi? Kwangu. Mwaka jana nilisimulia mezani, ukoo mzima unasikiliza: alichoka kilomita ya 34, akakaa kando ya barabara, basi likamchukua. Kila neno ni kweli.

Kwenye ngazi, wakati wa kuondoka, mdogo wangu akaniuliza gazeti letu likikosea huwa tunafanyaje. Nikasema tunachapisha sahihisho.

"Langu liko wapi?"

Jumatano, 12 Machi
Nimefungua daftari la mwaka jana. Kilomita kumi za mwanzo — zote chini ya dakika sita! Mwandiko ni wangu. Kilomita ya nane nimenukuu maneno yake: "Kaka, mbona tunakimbia kama tumeiba?" Na jibu langu: tunaweka akiba ya muda.

Nilikuwa na shahidi, kauli na vielelezo. Mezani nikasimulia kuanzia kilomita ya 34. Mwandishi akiniletea kazi ya namna hiyo, namrudisha alikotoka.

Ijumaa, 14 Machi
Nimesoma mbele ya mama, nimesimama:

"Katika simulizi ya mwaka jana, ilielezwa kwamba binti wa nyumba hii alichoka. Haikuelezwa kwamba kaka yake alimtoa kwa mwendo wa kasi kuliko waliokubaliana, na alipolalamika hakumsikiliza. Kosa ni la kaka."

Mama hakushtuka. Akasema tangu utotoni mimi namaliza kitoweo kwanza, halafu nalilia sahani ya mwenzangu.

Mdogo wangu: "Mbona fupi?"

Sahihisho huwa fupi, nikasema.

"Uongo ulichukua chakula cha mchana kizima."

Jumamosi, 15 Machi
Fundi ameitwa kazini: chumba cha baridi cha hospitali kimezima, na dawa hazisubiri. Kesho hayupo. Na kesho ndiyo kilomita 30, mazoezi marefu ya mwisho kabla ya mbio.

Mdogo wangu alipiga saa tisa alasiri. Niongoze mimi. Masharti mawili. Saa ya mkononi ataivaa yeye. Na ikipita kilomita moja chini ya dakika saba, nikae nyuma yake mpaka mwisho, kimya.

Nikauliza, na tarehe 6?

"Kesho kwanza, kaka."

Saa nimempelekea. Mkono umebaki mwepesi.

Jumapili, 16 Machi
Tumekubaliana saa kumi na mbili kamili, getini kwake. Kwa mujibu wa simu, nimefika saa kumi na moja na dakika ishirini.

Naandika nimekaa ukingoni mwa barabara. Mguu mmoja unatikisika wenyewe, nimeukanyaga kwa mwingine. Taa ya jikoni imewaka. Dirisha limefunguliwa.

"Kaka! Umeshaanza?"

Nimekanusha.

Dirisha limefungwa. Kuondoka, saa kumi na mbili kamili. Zimebaki dakika thelathini na moja.